Maneno ya Karatasi za Karanga

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa Aprili, mwaka 1974, kama saa nne asubuhi, mvua ikinyesha. Wanaume wanne walikuwa wamesimama uani kwangu na machela begani, tayari kumbeba mke wangu Sekela mpaka hospitali Tukuyu, nami nikawaambia waiweke chini.

Nimeanza na hilo ili mtu asije akasema Amoni amelificha. Lakini nisomeni mpaka mwisho, kwa sababu ujinga ule sikuzaliwa nao. Nilifundishwa, na walionifundisha bado wamekaa kwenye viti vyao.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, zamani za Mwingereza. Mtihani wa kuvuka ulikuwa na karatasi ya Kiingereza, nayo ikanirudisha kwenye migomba ya baba. Sikulia, tulirudi wengi. Uhuru ulipokuja tulishangilia Tukuyu mpaka sauti zikakauka, tukidhani karatasi ile imeondoka na wenyewe. Haikuondoka. Wakubwa wapya wakipanda jukwaani walikisifia Kiswahili, lugha yetu, lugha ya taifa. Wakishuka, wakishaingia garini na kioo kikapandishwa, wanaongea kilekile cha waliokwenda. Niliwasikia kwa masikio yangu, maana mimi ni mmoja wa waliokuwa wakilisukuma gari hilo kwenye matope.

Mwaka 1969 sisi watu wa kijiji chetu, huku juu ya Ikuti, tuliandika barua kuomba daraja. Lilikuwa daraja la miti la watu wa miguu, kwenye njia ya mkato ya kwenda Tukuyu, na mto ulikuwa umelichukua. Barua niliiandika mimi, kwa Kiswahili safi, hati nzuri, tukatia sahihi na dole gumba watu sitini. Tukangoja miaka miwili. Hata kutuambia hapana hawakutuambia.

Sasa mwaka huohuo wa pili wa kungoja, mzee Simon, aliyekuwa karani pale Boma tangu enzi za Mwingereza na sasa amestaafu, aliandika barua yake mwenyewe juu ya mpaka wa kiwanja. Akaiandika kwa Kiingereza. Siku ya tisa tarishi akaja na baiskeli, jibu mkononi, na bwana mpima nyuma yake.

"Umewaambia nini?" nikamwuliza Simon.

"Nilichowaambia si kitu, bwana. Ni namna ya kuwaambia. Ukimwandikia mkubwa neno analolijua, anakuona uko chini yake. Ukimwandikia neno asilolijua, anavaa miwani."

Anavaa miwani. Maneno hayo yalinikaa kichwani kama msumari.

Basi nikaanza kukusanya. Pale sokoni Tukuyu alikuwepo Mrisho, mfanyabiashara, ambaye wazee wake walitoka pwani tangu zamani za Mjerumani. Aliuza chumvi, mafuta ya taa na karanga za kukaanga. Karanga alizifunga kwenye karatasi zilizosokotwa kama pembe, na karatasi zenyewe zilikuwa za Boma, robota kwa robota, alizozipata Waingereza walipokuwa wakifungasha. Zote zimepigwa taipu. Unamaliza karanga, unabaki na barua ya mwaka 1939, bwana fulani anamlalamikia bwana mwenzake juu ya mbwa. Mimi nilikuwa nakunjua, napangusa chumvi, natafuta neno refu kuliko yote, au lile ambalo sijawahi kuliona, nalinakili kwenye daftari. Kisha nampelekea Simon anitegulie.

Mrisho alinicheka sana. "Mzee Amoni, wenzio wanakula karanga wanatupa karatasi. Wewe iko siku utatupa karanga ule karatasi."

"Nifungie kwenye ile yenye maandishi mengi. Si hiyo, hiyo ina mistari tu."

"Na ikiwa na matusi je?"

"Matusi ya Kiingereza sina bado. Nifungie."

Simon naye alikuwa na maelezo yake, ambayo sijui kama ndiyo ya kwenye vitabu. Notwithstanding, alisema, ni "ijapokuwa" iliyovaa suti. Expeditiously ni haraka, lakini haraka ya mtu asiyekimbia. Magnanimous ni mwenye moyo mkubwa, na wakubwa hulipenda neno hilo kwa sababu nyumbani kwao hakuna anayewaita hivyo. Indisposed ni mtu asiyejisikia vizuri. "Si kuumwa kule kwenu kwa kulia," akasema. "Ni kama mke wa gavana anapokataa kwenda kwenye karamu."

Mpaka kufika mwaka 1974 daftari lilikuwa na maneno mia nne na kumi na moja. Yalikaa tu mle ndani kama mbegu kwenye kibuyu. Moja tu ndilo lililopata kazi, na aliyelipa kazi ni Sekela.

Kwetu Wanyakyusa mwanamke hataji jina la baba mkwe wake. Hakutani naye njiani, na neno lolote linalofanana na jina lile halitamki, hata mzee mwenyewe awe ameshalala kaburini. Baba yangu aliitwa Kamoto. Basi tangu nimwoe Sekela, miaka ishirini na sita, hakuwahi kusema neno moto. Alisema "kile chekundu," au alielekeza kidevu kwenye mafiga, nami nikaelewa. Siku nilipolikuta neno conflagration kwenye karatasi ya karanga, na Simon akaniambia ni moto, tena ule unaokula nyumba na msitu, nililibeba mpaka nyumbani kama mtu aliyemnunulia mkewe khanga.

Akalijaribu. Akashindwa katikati, akacheka mpaka akakaa chini. Kicheko chake kilianzia tumboni. "Baba Tusekile, neno gani hili lenye mkia? Mimi mkia naukata." Tusekile alikuwa mtoto wetu, hakumaliza mwaka, na baada yake hakuja mwingine. Tulibaki tukiitana kwa jina lake.

Mkia ukakatwa, neno likawa konfla. "Nenda kaniombee konfla kwa mama yake Lazaro." "Maharagwe yameungua, konfla ilikuwa kali." Wanawake wa jirani wakalidaka, hata wale ambao wakwe zao hawakuitwa Kamoto. Nilikuwa nikipita njiani nikasikia mtu anamfokea mwanawe aondoke karibu na konfla, najiona nimeleta kitu duniani.

Jumatatu tarehe nane Sekela alishindwa kuinuka. Tumbo. Tulimpeleka zahanati kwa kumshika mabega, na mganga wa pale, kijana mpole, akalibonyeza tumbo lile, Sekela akauma khanga yake.

"Utumbo umejinyonga," akaniambia nje. "Hapa sina kisu wala dawa ya usingizi. Afike Tukuyu apasuliwe. Na usimkawize, baba. Kesho asubuhi muondoke."

Ndipo Lazaro, jirani yangu, akakata mianzi usiku uleule, akafunga blanketi, na asubuhi ya Jumanne akaja na wenzake watatu. Alikuwa ametoka kuvuka mto alfajiri hiyo akaniambia maji ni ya magotini, tutapita. Kwa njia ile ya mkato tungefika Tukuyu kabla ya saa tisa.

Lakini Ambilikile, mwenyekiti wa kijiji, akapita na mwavuli wake. Alikuwa anakwenda Tukuyu mkutanoni. Akaiangalia machela, akatikisa kichwa.

"Mwambije," akaniita kwa ukoo wangu, "unataka kumtesa mwenzio kwenye utelezi huu? Wilaya ina Landrova. Itazungukia njia kubwa, impakie hapahapa mlangoni. Hiyo ni haki ya mwananchi."

"Inaombwaje?"

"Kwa barua. Utaratibu ni barua yenye muhuri wa kijiji. Andika sasa hivi, nagonga, naipeleka mwenyewe. Saa nane itakuwa mezani kwao."

Hayo aliyasema yeye, na mbele ya haki atayasema tena. Yaliyofuata ni yangu. Ningeweza kuandika mstari mmoja. Badala yake nilikwenda ndani nikachukua daftari.

Niliandika saa nzima. Kwa mara ya kwanza maneno yangu yalipata kazi ya kweli, na niliyaita moja moja kama mtu anayeita ng'ombe zake. Viunganishi nilikumbuka vya shule. Vilipopungua nilinakili mistari mizima kutoka kwenye karatasi za karanga. Nilitumia maneno thelathini na mawili ya daftari. Nilipofika mahali pa kusema anaumwa, neno sick nililijua tangu darasa la tatu. Nililiona dogo. Nikaandika indisposed.

Wanaume walikuwa wamejibanza chini ya upenu, maji yanawachuruzikia migongoni. Lazaro akachungulia.

"Mwambije, tunaloa huku. Unaandika barua au unaandika Agano Jipya?"

"Ngoja. Hii ikifika, watavaa miwani."

"Wavae tu. Sisi tumvalishe blanketi twende zetu."

"Lazaro, gari linakuja! Mtu anakuja kuchukuliwa kwa gari, wewe unataka abebwe kama mkungu wa ndizi?"

Akanitazama. Kisha akawatazama wenzake. "Haya," akasema, "mwenye mke ndiye mwenye neno." Wakaishusha machela, wakaiegemeza ukutani, mianzi imesimama. Ambilikile akagonga muhuri bila kusoma, maana hata yeye Kiingereza hakukijua, akaisifu hati yangu, akaikunja ndani ya mfuko wa nailoni akaondoka.

Jumanne ikapita. Jumatano asubuhi Lazaro alikuja tena. "Tumbebe. Mto unapanda lakini bado." Nikamwambia barua imefika jana tu, wape nafasi. Mvua ilikuwa nene, migomba imelala. Kila upepo ulipovuma nilisikia injini.

Mchana ule Sekela alifungua macho. "Baba Tusekile, umewaambia naumwa?"

"Nimewaambia yote."

"Sikuulizi yote. Umewaambia naumwa?"

Nikasema ndiyo. Nikatoka nje, nikafungua daftari pale nilipoandika rasimu, nikaipitia. Sikuiona sehemu ambayo mtu akiisoma atainuka kwenye kiti. Niliona namna nilivyopanga maneno, mazuri, marefu, yamejipanga kama askari wa gwaride. Ningeweza kumwita Lazaro dakika ile. Badala yake nilijiambia hawa si watu wa kuinuka kwa sababu ya maneno mepesi. Daraja liko wapi? Nikarudi ndani nikamkanda miguu.

Alhamisi, saa tatu hivi, mama yake Lazaro alikuwa amekaa naye, mimi nachochea kuni. Sekela akanishika mkono. Ulikuwa mkono mkavu, unachoma.

"Amoni," akasema.

Hakuwahi kuniita hivyo.

"Moto. Tumboni, Amoni. Moto, moto."

Mama yake Lazaro akajifunika mdomo kwa kiganja. Miaka ishirini na sita mwanamke huyu alipindisha ulimi wake asiliguse jina la baba yangu, aliupindisha hata akiwa peke yake jikoni, na sasa alilisema mara tatu mbele ya watu. Hakutafuta neno lingine. Alitaka kueleweka tu.

Nikatoka nikapiga yowe. Wanaume wale wanne walikuja mbio, hakuna aliyeniuliza habari za gari. Tukambeba. Udongo ulikuwa sabuni, tulianguka mara mbili, na mara zote mbili Lazaro aliweka goti lake chini ili machela isiguse ardhi. Tulipofika mtoni, maji yalikuwa ya kifuani, mekundu, yanabeba magogo. Mahali pa daraja palikuwa na nguzo mbili tu zilizobaki, zimesimama kama meno ya mzee. Tukakaa ukingoni chini ya majani ya migomba tukingoja maji yapungue. Sekela alifia pale, upande huu wa mto, kwenye saa nane mchana. Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo, na kwa ng'ambo, mbali, yalionekana mabati ya Tukuyu yaking'aa kwa mvua.

Tulimzika Ijumaa Kuu.

Ofisi zilifungwa mpaka sikukuu iishe. Jumatano tarehe kumi na saba nikaenda, nikiwa na nguo zilezile za msiba. Mezani alikuwa karani mmoja mwanamke, kijana, anaitwa Atupele, wa kwetu hukuhuku. Alinisalimu kwa heshima, akaniuliza nilivyolala, nikaitikia.

"Nimekuja kuulizia barua ya gari la mgonjwa. Iliingia Jumanne ya wiki iliyopita."

Akapekua kitabu cha kupokelea. "Jumanne... Barua ya gari la mgonjwa haipo, baba."

"Ina muhuri wa kijiji. Imeandikwa kwa Kiingereza."

Kalamu yake ikasimama. "Ile ya Kiingereza? Ile ni yako, baba? Sisi tulijua imetoka kwa mtaalamu. Tulisema labda Chuo Kikuu, imepitia kijijini tu."

"Mkaifanya nini?"

"Tuliiheshimu, baba," akasema. Alisema kwa moyo mweupe kabisa. "Barua ya namna ile mdogo haishughulikii. Mwenzangu mmoja alijaribu kusoma mistari miwili, akasema hii ni ya mkubwa mwenyewe. Tukaiweka kwenye trei yake."

"Mkubwa yuko wapi?"

"Amekwenda Mbeya mkutanoni tangu tarehe nane. Akaunganisha na sikukuu. Kesho ndiyo atarudi."

Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi. Niliiona. Meza kubwa, trei ya mbao, barua yangu juu kabisa, peke yake, imewekewa jiwe safi ili upepo usiipeperushe. Hakuna barua iliyotunzwa vizuri kama ile.

"Na gari?" nikamwuliza. "Wiki ile gari lilikuwa wapi?"

Atupele akatazama dirishani. Uani, Landrova ilikuwa imesimama, dereva anaipangusa kioo. "Lilikuwepo," akasema kwa sauti ndogo. "Baba, kwani mgonjwa...?"

"Tumemzika Ijumaa."

Akaweka mikono yote miwili kichwani, kisha akaishusha haraka kwa sababu yuko kazini. "Pole, baba. Pole sana, jamani."

"Sikuja kuchukua pole. Nijibu moja tu, mwanangu. Kama ningeandika kwa Kiswahili, mke wangu anaumwa, naomba gari, lingekuja?"

Alianza kupanga mihuri yake, mkubwa na mdogo, mkubwa na mdogo. Lakini macho yake yaliteleza mara moja kwenye kona, nami nikayafuata. Kule kwenye kona, juu ya sakafu, palikuwa na marobota ya barua yaliyofungwa kwa kamba ya katani, yamepanda mpaka usawa wa kiuno. Ya juu ilikuwa kwa hati ya mtu wa kijijini, herufi kubwa kubwa, kwa Kiswahili. Iliota ukungu pembeni.

Niliondoka. Kwa Mrisho nilipita nikamwekea daftari langu mezani. "Fungia karanga," nikamwambia. Alikuwa ameshasikia habari. Hakucheka. Akaliinua, akalifungua katikati, akalitazama bila kulielewa, akaliweka chini ya mizani. "Hizi sifungii mtu, mzee Amoni," akasema. "Zikae."

Simon naye nilimwuliza swali lile. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Mpaka naondoka alikuwa anafuta.

Watu husema huyu mzee ana uchungu, amlaumu Mungu au ajilaumu mwenyewe. Mungu simlaumu, yeye hana masijala. Nawalaumu waliosema tutajitawala halafu wakaweka mlango uleule na ufunguo uleule. Nani alimfundisha Atupele kuogopa karatasi? Nani aliliacha daraja? Nani aliniambia miaka yote, kwa kunyamaza kwake, kwamba neno langu jepesi halina uzito? Hayo nayasema kilabuni, nayasema kanisani nje ya lango, na mwenyekiti akipita nayasema kwa sauti zaidi.

Lakini nikirudi nyumbani machela ile, tuliyorudi nayo kutoka mtoni, iko pale ukutani. Sijaiondoa. Na kitu kimoja kimenila miaka hii mitatu. Kama gari lingekuja kwa barua nyepesi, basi walio mjini hawakumuua mke wangu. Nilimuua mimi, kwa maneno mia nne na kumi na moja. Na kama lisingekuja, basi ni wao, na mimi naweza kulala. Mtu hawezi kuzeeka hajui.

Kwa hiyo mwaka huu nilingoja Aprili, ili mvua iwe ileile na njia iwe ileile. Jumanne wiki hii, tarehe kumi na mbili, nilikwenda kwa Ambilikile asubuhi nikijua ana mkutano Tukuyu. Nilimpa karatasi. Safari hii aliweza kuisoma, na aliisoma kwa sauti, polepole.

"Mke wangu anaumwa. Naomba gari. Amoni Mwambije."

Akaigeuza karatasi, nyuma ilikuwa tupu. Mvua iligonga bati la ofisi yake.

"Mwambije, ndugu yangu. Sekela yuko makaburini. Nilishika koleo mwenyewe."

"Najua alipo. Gonga muhuri."

"Hili ni jambo la polisi. Kuidanganya serikali..."

"Serikali imenidanganya mimi tangu nina meno. Gonga, Ambilikile. Ulisema ni haki ya mwananchi. Nataka kuiona haki hiyo ikipanda mlima, ina magurudumu mangapi."

"Na wakija? Utawaambia nini?"

"Wakija, nitawapeleka alipolala. Wakija, na mimi watanikuta nimeshajua."

Nilidhani atanifukuza. Alivuta kiti akakaa. Na yeye ana uzee wake sasa, mwavuli wake umevunjika fito. Kisha akafungua kidau cha wino, akagonga. Muhuri uliteleza, ukatoka na kivuli. "Mimi nilidhani nakusaidia," akasema bila kunitazama. "Siku ile." Akaitia barua kwenye nailoni.

Jioni alipita kwangu, akasimama nje. Ameifikisha saa nane. Atupele bado yupo, ameipokea, ameiandika kitabuni. Alilitazama jina muda mrefu.

Jana gari halikuja. Leo ni Alhamisi. Nimekaa upenuni tangu asubuhi, daftari jipya magotini, la shule, naandika haya kwa maneno niliyozaliwa karibu nayo. Mama yake Lazaro amepita na kigae kuomba makaa. "Ndaga, baba," akashukuru kabla ya kupewa, "konfla yangu imezimika." Nikampa. Hakujua alichonifanyia. Au alijua.

Mvua imepungua, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, huoni hatua kumi. Kule chini kuna mashine ya kusaga ya kijiji, na siku nyingine Alhamisi huwashwa, siku nyingine hakuna dizeli. Nimeweka kalamu, nimeichukua tena. Kuna mngurumo. Unapotea kwenye kona, unarudi, kama kitu kinachopanda kwa gia ndogo. Lazaro ametoka nje kwake na yeye, amesimama kichwa upande, anasikiliza. Hatutazamani.

Ile ni mashine ya kusaga, au ni gari la Sekela?